UZI: Tela linapasuka palepale penye weldi. Namna ya kuhesabu uchovu wa chuma kwa mzigo usio na mpangilio

mhandisi_pwani

Wakuu, salaam.

Swali linalorudi sana humu jukwaani ni hili: tela limepasuka chesisi, fundi kachomelea, baada ya muda limepasuka tena, safari hii sentimita chache tu pembeni ya weldi mpya. Mwenye mali anaambiwa chuma ni feki, atafute kigumu zaidi. Anatafuta, anapachika bamba nene, linapasuka tena. Kazi yangu ni kupima miundo ya chuma iliyochomelewa, na jambo hili linaniuma. Hela inayopotea ni nyingi, na tela likikatika njiani na mzigo mgongoni linaua watu ambao hata hawakuwa na habari nalo. Ndiyo maana naleta uzi huu nieleze tunavyohesabu maisha ya weldi inayopigwa na mzigo wa nasibu, yaani mzigo usiojua utakuja vipi dakika ijayo. Ni mrefu, mnivumilie.

Msimamo wangu nautoa mapema. Maisha ya chesisi hayaamuliwi na ugumu wa chuma. Yanaamuliwa na mambo mawili: mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila kieneo cha chuma, unapanda na kushuka kwa upana gani pale penye weldi, na weldi yenyewe imekaaje kuuelekea mkazo huo. Na barabara hata iwe mbovu namna gani, madhara yake yanahesabika.

Chuma ukikivuta mara moja kinahitaji nguvu kubwa kukatika. Ukikivuta na kukiachia mara laki kadhaa, kinakatika kwa nguvu ndogo mno kuliko hiyo. Huo ndio uchovu wa chuma. August Wöhler, mhandisi wa reli wa Ujerumani, alilichimba jambo hili kwa ekseli za mabehewa katika miaka ya 1850 na 1860, na mpaka leo michoro inayoonyesha upana wa mkazo na idadi ya mizunguko inaitwa kwa jina lake.

Sasa, chuma kitupu kisicho na weldi hutumia sehemu kubwa ya maisha yake kabla ufa haujazaliwa. Weldi haina nafasi hiyo. Ukiikata na kuiweka chini ya hadubini, kwenye ukingo wake, ule mstari inapokutana na bamba, utaona vipande vya slagi (ule uchafu mgumu unaobaki baada ya kuchomelea) vilivyozama na vijichubuko vyenye kina cha kati ya milimita 0.1 na 0.4. Hivyo tayari ni nyufa changa. Maisha yote ya kiungo yanakuwa ni muda wa ufa huo kukua, na ufa hukua kwa kasi inayokaribiana kwenye chuma laini na kwenye chuma kigumu. Ndiyo maana kanuni za Ulaya, EN 1993-1-9, zinaipa weldi ya aina moja daraja lile lile, iwe kwenye chuma cha kawaida cha S355 au kigumu zaidi cha S690. Ukilipia chuma kigumu ukaacha weldi ilivyokuwa, kwa upande wa uchovu hujanunua kitu.

Kuna jingine. Weldi ikipoa inasinyaa, bamba linaizuia, na ndani yake unabaki mkazo wa kuvuta unaoweza kufika mahali ambapo chuma kinaanza kunyooka kisirudi. Kwa hiyo hata sehemu ambayo mahesabu yanasema inakandamizwa tu, kwenye weldi kwa kweli inavutwa. Hii ndiyo sababu kwenye weldi hatuhangaiki na mkazo wa wastani, tunaangalia upana wake, kutoka kileleni hadi bondeni.

Daraja ni nini? Ni upana wa mkazo, kwa megapaskali (kipimo cha mkazo), ambao kiungo kinauvumilia kwa mizunguko milioni 2. Bamba dogo la kukaza lililochomelewa kukingama boriti linapata 80. Kipande kilichochomelewa kufuata urefu wa boriti, kikiwa kirefu kuliko milimita 100, kinapata 56. Weldi ya pembeni, ile inayojaza kona ya vyuma viwili, ikiwa inabeba mzigo wenyewe na ikipasukia kwenye mzizi, yaani kule ndani chini ya weldi, inashuka hadi 36. Kanuni ni hii:

Mizunguko ya kuvumilika = 2,000,000 × (daraja ÷ upana wa mkazo), hicho kilichomo kwenye mabano ukikipandisha kwa kipeo cha 3.

Hicho kipeo cha 3 ndicho cha kuwekwa akilini. Upana ukiwa mara mbili, maisha yanabaki sehemu moja ya nane.

---

dereva_wa_nyanda

Mkuu, nimekuelewa hadi hapo. Lakini hiyo hesabu inataka upana mmoja. Njoo Dar–Tunduma uone. Rasta kabla ya tuta, tuta lenyewe, shimo umelikwepa ukaangukia jingine, Kitonga unashuka kwa breki, ukifika mizani unasimama na kuondoka. Hakuna mpigo unaofanana na mwingine. Upana utaupata wapi?

---

mhandisi_pwani

Hapo ndipo penyewe, kaka. Tunaanza kwa kupima. Kuna kibandiko chembamba kinaitwa straini geji, unakigandisha juu ya chuma kilichosuguliwa hadi king'ae, na kinasoma chuma kinavyonyooka na kurudi. Chuma kikinyooka sehemu 100 katika milioni, mkazo ni kama megapaskali 21. Unakifunga kwenye kinasa data, tela linapakiwa mzigo wake wa kawaida, linakwenda njia yake ya kawaida na dereva wake wa kawaida. Ekseli za lori hurukaruka kati ya mara 10 na 15 kwa sekunde, kwa hiyo usomaji uwe wa mara 200 kwa sekunde au zaidi, la sivyo vilele vitakupita usivione.

Ukirudi unakuwa na mstari mrefu unaopanda na kushuka bila mpangilio. Kuitoa mizunguko humo ndiko Wajapani Tatsuo Endo na M. Matsuishi walikotuonyesha njia mwaka 1968. Chukua grafu, isimamishe muda ukiwa unaelekea chini, halafu ione kama mapaa ya pagoda yaliyopangana na mvua inatiririka kutoka paa hadi paa. Njia inaitwa ya mtiririko wa mvua, na leo programu yoyote ya uchovu inayo. Utaratibu wake umeandikwa kwenye kiwango cha ASTM E1049.

Nionyeshe kwa mfano mdogo kwa sababu hapa wengi huteleza. Mkazo unatoka 0, unapanda hadi 100, unashuka hadi 70, unapanda hadi 120, unarudi 0. Mtu asiyejua atahesabu kila mwendo peke yake kama nusu mzunguko: 100, 30, 50, 120. Mtiririko wa mvua unaona tofauti: kuna mzunguko mmoja mkubwa wa 120 kutoka chini hadi juu kabisa, na ndani yake kuna mtikisiko mdogo wa 30. Chuma kinaona vivyo hivyo. Ule mtikisiko wa katikati haufuti safari kubwa ya kutoka 0 hadi 120. Ukipiga vipeo vya 3 kwa njia zote mbili, yule wa kwanza anapata uharibifu pungufu kwa karibu asilimia 18. Huo ni mstari wenye vilele viwili tu. Kwenye rekodi ya barabara nzima pengo linaweza kuwa kubwa kuliko hapo.

Mwisho wa kuhesabu unabaki na orodha: upana huu mara ngapi, upana ule mara ngapi. Ndipo inakuja kanuni ya Palmgren na Miner. Arvid Palmgren aliitoa mwaka 1924 kwa ajili ya beringi, M. A. Miner akaiandika upya mwaka 1945 kwa ndege. Inasema hivi: kama upana fulani unavumiliwa mara milioni moja, na wewe umeupiga mara elfu moja, umekula sehemu moja ya elfu ya maisha. Jumlisha sehemu zote. Jumla ikifika 1, kwenye karatasi kiungo kimekwisha.

Tufanye hesabu. Nambari za mizunguko ni za mfano, nimeziweka ili tuone hesabu inavyokwenda; za tela lako zitoke kwenye kipimo. Tuchukue mahali ambapo hanga ya springi imechomelewa chini ya boriti ya chesisi, daraja 56. Safari moja ya mzigo inatoa:

megapaskali 120, mara 20
megapaskali 80, mara 300
megapaskali 50, mara 3,000
megapaskali 30, mara 15,000
megapaskali 15, mara 80,000

Kwa daraja 56, upana wa 120 unavumiliwa mara 203,000 hivi, wa 80 mara 686,000, wa 50 mara milioni 2.8. Ukishuka chini ya megapaskali 41, mstari wa kanuni za Ulaya unalala zaidi, kipeo kinakuwa 5 badala ya 3, kwa hiyo upana wa 30 unavumiliwa mara milioni 24.6. Na chini ya megapaskali 22.7 hauhesabiwi kabisa, kwa hiyo ile mitikisiko 80,000 ya megapaskali 15 inatoka bure.

Gawanya kila idadi kwa uvumilivu wake, jumlisha, unapata 0.0022 kwa safari. Maisha ni safari 450 hivi.

Sasa tazama nani kala nini. Yale mapigo 20 makubwa, ambayo dereva akifika anasimulia, yamekula asilimia 4 tu. Yale ya megapaskali 50, matuta na rasta na mawimbi ya lami ambayo hakuna anayeyakumbuka, yamekula karibu nusu ya maisha yote. Hii ndiyo sura ya mzigo wa nasibu. Kipigo cha katikati kinachojirudia ndicho kinachochosha chuma.

---

mama_tela

Kaka asante, umeeleza vizuri. Mimi ni mwenye mali, nina matela kadhaa. Naomba unijibu kwa lugha ya mfuko. Nikizidisha mzigo kidogo, tuseme asilimia 20, napoteza nini? Maana madereva wanasema tela linabeba tu.

---

mhandisi_pwani

Dada yangu, linabeba, ndiyo. Siku hiyo halitakatika, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Tukadirie kwamba mzigo ukiongezeka asilimia 20 na upana wote wa mkazo unaongezeka kiasi hicho hicho. Orodha yetu inakuwa 144, 96, 60, 36 na 18. Rudia hesabu ile ile: uharibifu wa safari moja unatoka 0.0022 na kufika 0.0043. Maisha yanashuka kutoka safari 450 hadi kama 230. Umeongeza sehemu moja ya tano ya mzigo, umetoa nusu ya tela. Kipeo cha 3 peke yake kingekupa hasara ya mara 1.73, iliyobaki imetoka kwenye ile mitikisiko ya 30 iliyopanda hadi 36, kwa sababu kule kipeo ni 5.

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka tani 56 kwa gari zima, na tani 24 kwa kundi la ekseli tatu zenye matairi mawili mawili. Wengi wanaona mizani ipo kulinda lami tu. Weldi za tela lako nazo zinalindwa na mizani hiyo hiyo.

Kuna jambo la kuongeza ili usiitegemee jumla ya 1 kupita kiasi. Kanuni ya Miner haiangalii mpangilio, kipigo kikubwa kikija mwanzo au mwisho kwake ni sawa, wakati chuma kinajali. Majaribio mengi ya weldi kwa mzigo unaobadilika yamevunjika kabla ya jumla kufika 1. Taasisi ya Kimataifa ya Uchomeleaji inashauri tusanifu kwa jumla ya 0.5, na pale wastani wa mkazo unapoyumba sana, 0.2. Mimi kwa tela linalokwenda limejaa na kurudi tupu siwezi kuzidi 0.5. Kwa hiyo zile safari 450 zisome kama 225 za kuamini, na kwa mzigo uliozidi, 115 hivi.

---

mzee_wa_gereji

Vijana mnahesabu vizuri lakini kazi iko chini ya tela. Mimi nimechomelea chesisi maisha yangu yote. Ikipasuka, naweka bamba la milimita 12 chini, nashona pande zote nne, haipasuki pale tena. Ikipasuka ni mahali pengine.

---

mhandisi_pwani

Shikamoo mzee. Nashukuru umeingia, kwa sababu hilo la "mahali pengine" ndilo lililonifanya niandike.

Ni kweli haipasuki pale tena. Inapasuka mwisho wa bamba lako. Boriti ilikuwa inanyumbuka sawasawa kwa urefu wake, sasa katikati imekuwa ngumu ghafla, na mkazo wote unaotaka kupita unakusanyika pale bamba linapokomea. Pale pale umeweka weldi iliyokingama, na ukingo wake ndio wenye zile nyufa changa. Ncha ya bamba la kufunika huwa kati ya daraja 56 na 36, kutegemea unene. Tuseme ulikuwa kwenye 56 ukashuka hadi 40: maisha ya mahali hapo yanagawanywa kwa karibu 2.7 kwa mapigo makubwa, na kwa madogo zaidi ya hapo.

Ninachokuomba mzee wangu ujaribu ni hiki. Ufa kwanza utafutwe mwisho wake kwa rangi ya kupenya, ile inayozama ndani ya ufa na kuuonyesha, maana macho huuona mfupi kuliko ulivyo. Uchimbwe wote kwa grainda hadi chuma kizima, usifunikwe. Ujazwe kwa rodi za kuchomelea za 7018 zilizokaushwa, weldi ipenye unene wote. Kisha uisawazishe ilingane na bamba, na mikwaruzo ya grainda ifuate urefu wa boriti. Mikwaruzo ikikingama umeandika mwanzo wa ufa mwingine kwa mkono wako. Kama lazima uongeze nguvu, bamba likae ubavuni mwa boriti, ncha zake zikatwe mshazari zichongoke, na weldi isifike kwenye kingo za juu na za chini za boriti, kwa sababu mkazo wa kupinda ni mkubwa huko na karibu sifuri katikati ya ubavu.

Na hiyo hanga yenyewe, kama muundo unaruhusu, ifungwe kwa bolti ubavuni. Sababu ya ufa ikiachwa, weldi nzuri nayo itarudia hadithi ile ile.

---

mzee_wa_gereji

Marahaba. Hilo la mikwaruzo kukingama sikuwahi kuambiwa na mtu. Na kutoboa tundu mwisho wa ufa?

---

mhandisi_pwani

Tundu linasaidia kukufikisha, mzee, kwa sababu ncha kali ya ufa inakuwa duara. Sharti litobolewe pale ufa unapoishia kweli, si pale unapoonekana kuishia. Lakini ni la muda. Tela likifika gereji, ufa uchimbwe.

---

mjengaji254

Habari zenu kutoka Mombasa. Sisi tunaunda bodi za mabasi na tunatumia kompyuta kabla ya kukata chuma. Shida yetu: tukipunguza ukubwa wa vipande vya modeli karibu na weldi, mkazo unapanda, tukipunguza tena unapanda tena. Hauna mwisho. Tuchukue upi?

---

mhandisi_pwani

Karibu ndugu. Usiuchukue wowote kati ya hiyo ya kwenye kona yenyewe. Kona kali ya hesabu haina mkazo wa kweli, itapanda milele.

Toka nje kidogo. Kama bamba lina unene wa milimita 12, soma mkazo wa juu ya bamba milimita 4.8 kutoka ukingo wa weldi, yaani 0.4 ya unene, na mwingine milimita 12, unene mzima. Zidisha wa kwanza kwa 1.67, toa wa pili mara 0.67. Unachopata ni mkazo wa mahali pa moto: una athari ya umbo la kiungo lakini hauna ile kona ya uongo. Unautumia na daraja lake, ambalo kwa weldi nyingi ni 100, na kwa zile za pembeni zinazobeba mzigo ni 90. Raha yake ni kwamba hata kwenye gari halisi unaweza kubandika straini geji mbili kwenye nafasi hizo hizo na kulinganisha na kompyuta. Zikipishana sana, amini geji kwanza, kisha uliza modeli yako imeshikiliwaje.

Njia hii inaona ufa wa ukingoni tu. Wa kwenye mzizi wa weldi hauonekani kwake, na kwa bodi za mabasi zenye mirija ya mraba iliyochomelewa nje tu, mzizi ndio adui. Kuna njia nyingine ya kuchora ukingo na mzizi vyote vikiwa na mviringo wa milimita 1 na kutumia daraja 225. Ni kazi zaidi, lakini kwa kiungo kinachobeba abiria ifanye.

---

mwanafunzi_mekanika

Kaka mkubwa, darasani tumefundishwa njia ya wigo, ile ya Dirlik, unapata uharibifu moja kwa moja bila kuhesabu mizunguko. Kwa nini hukuitaja?

---

mhandisi_pwani

Nilikuwa nakusubiri, mdogo wangu. Ni njia nzuri na ina mahali pake.

Kwa wasioijua: badala ya kubeba rekodi ndefu ya muda, unaonyesha nguvu ya mtikisiko imegawanyika vipi kwa kila kasi ya kutikisika. Huo ndio wigo. Kutoka kwenye wigo unapata nambari nne, na kutoka hizo Turan Dirlik, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Warwick mwaka 1985, alitoa kanuni inayokadiria mizunguko ambayo mtiririko wa mvua ungeipata. Alifika hapo kwa kutengeneza mizigo ya nasibu kwenye kompyuta kutoka wigo 70 tofauti. Kabla yake ilikuwepo hesabu rahisi inayochukulia mtikisiko una kasi moja tu; ukiitumia kwenye mtikisiko wa kasi nyingi inakupa uharibifu mkubwa kupita ukweli.

Sharti la njia ya wigo ni kwamba mzigo uwe umetawanyika kwa kengele ya Gauss, yaani mwingi karibu na wastani na vilele virefu viwe adimu, na tabia yake isibadilike kadiri muda unavyokwenda. Bahari iliyochafuka kwa saa tatu inakaribia sharti hilo. Lami ndefu kwa mwendo mmoja inakaribia. Tuta, shimo na breki havikaribii hata kidogo: ni mapigo ya ghafla yenye vilele virefu kuliko Gauss anavyoruhusu, na kwa kipeo cha 3 vilele hivyo vina bei. Kwa tela letu nahesabu kwenye muda. Kwa mnara wa upepo au jukwaa la baharini natumia wigo na sioni shaka.

---

baharia_wa_kaskazini

Umetaja jukwaa la baharini. Tuliofanya kazi Bahari ya Kaskazini upande wa Norway tunajua jina la Alexander L. Kielland. Waeleze watu.

---

mhandisi_pwani

Asante kwa kulileta, ndugu. Hili nitalikalia kidogo.

Jukwaa la Alexander L. Kielland lilikuwa linaelea juu ya miguu mitano katika eneo la mafuta la Ekofisk, likitumika kama makazi ya wafanyakazi. Jioni ya tarehe 27 Machi 1980 walikuwa ndani watu 212. Bahari ilikuwa imechafuka. Mguu mmoja uliachia, jukwaa likalala upande, na kabla ya nusu saa kwisha likapinduka. Walikufa watu 123.

Uchunguzi ulifuata ufa hadi kwenye bomba moja la kushikilia miguu, lililoitwa D-6. Ubavuni mwa bomba hilo palikuwa pamekatwa tundu na kuchomelewa kishikio cha chombo cha kusikilizia sauti ndani ya maji. Chombo kidogo, hakibebi jukwaa. Kwa kuwa hakibebi, weldi yake ilikuwa ya pembeni, ya milimita 6, na haikupewa uzito kama weldi za muundo. Ndani ya ufa walikuta rangi ya kiwandani. Maana yake ufa ulikuwepo kabla jukwaa halijapakwa rangi na kuingia kazini. Mawimbi ya nasibu ya miaka michache yakaukuza, ukazunguka sehemu kubwa ya bomba, D-6 ikakatika, na mabomba mengine yaliyoshika mguu ule yakafuata moja baada ya jingine.

Sasa mwende chini ya matela yenu mkatazame. Kishikio cha tairi la akiba. Sanduku la vifaa. Vijipande vya kushikia mirija ya breki. Ndoano ya kamba iliyochomelewa juu ya ukingo wa chini wa boriti kwa sababu fundi aliona pana nafasi. Chuma hakijui kwamba kipande hicho hakibebi kitu. Kinaona weldi kwenye mkazo mkubwa, na daraja linashuka pale pale. Hii ndiyo sehemu ya uzi huu ambayo ningetamani kila fundi aisome mara mbili.

---

dereva_wa_nyanda

Nimetoka chini ya tela sasa hivi. Kuna kishikio cha ndoo ya maji kimechomelewa ukingo wa chini, na pembeni yake pana mstari wa kutu. Nifanyeje?

---

mhandisi_pwani

Usipakie kwanza, kaka. Mstari wa kutu unaotoka kwenye ukingo wa weldi na rangi iliyochanika ni dalili ya ufa unaofunguka na kufunga. Unga wa kutu unasukumwa nje na ule mchezo.

Safisha pale kwa brashi ya waya, usitumie grainda kwa sasa kwa sababu itaupaka ufa chuma na kuuficha. Osha mafuta yote. Pulizia rangi nyekundu ya kupenya, subiri kama dakika 15, futa kwa kitambaa chenye kiosheo, usimwagie kiosheo moja kwa moja. Pulizia ile nyeupe. Mstari mwekundu ukijichora, pima urefu wake na uangalie kama umeshuka ubavuni mwa boriti. Ukiwa bado kwenye ukingo wa weldi tu, kishikio kikatwe, ufa uchimbwe, pasuguliwe kufuata urefu wa boriti na papimwe tena kwa rangi. Ukiwa umeingia ubavuni, tela lisiondoke hapo hadi boriti ikarabatiwe.

---

mama_tela

Na yale ambayo hayajaonyesha kitu? Niyakague kila baada ya muda gani?

---

mhandisi_pwani

Usihesabu kwa miezi, dada, hesabu kwa safari za mzigo, kwa sababu uharibifu unakuja na mapigo. Kama kipimo kimetoa safari 225 za kuamini, ukaguzi wa kwanza kwa rangi usizidi safari 75, na baada ya 150 uwe kila safari 25. Tela lililowahi kuzidishiwa mzigo, punguza hizo nambari kwa nusu. Maeneo ya kuanzia ni hanga za springi hasa ya mbele, shingo pale boriti inapobadilika kimo, bamba la kingi pini (pini inayoshika tela kwenye kichwa cha lori), na kila kipande kilichoongezwa baada ya tela kutoka kiwandani. Kila tela liwe na daftari lake: safari, tani za mizani, na mahali palipochomelewa pamoja na tarehe. Mhandisi akija na kinasa data ataliomba daftari hilo kabla ya kubandika geji ya kwanza.